Kwa Baba, Chini Ni Kuwaka

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya kuandikia vipuri vya studio. Vipuri havipo, basi nitaandika maneno.

Bosi ameamka na wazo. Kila Jumamosi saa kumi jioni, mpaka ligi iishe, mashabiki watapiga simu kituoni wasimulie tukio moja la mwaka huu uliopita ambalo hawatalisahau. Siku ya mwisho wasikilizaji watachagua lililo bora. Mtangazaji wetu, ambaye sote tunamwita Kasuku na mwenyewe huitika, amefurahi kama aliyepewa shamba. Kasoro ni moja. Kile kifaa kinachoingiza simu kwenye mitambo kilikufa mwaka jana, na kuagiza kingine ni mwezi na zaidi. Nikajikuta nasema, "Baba yangu anaweza kukitengeneza." Mdomo huponza kichwa. Sasa nimebeba mzigo wa watu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amekimaliza. Ni kisanduku cha mbao, kikubwa kidogo kuliko mkate, kina swichi moja mbele na waya mbili nyuma. Mzee amekuwa fundi redio miaka arobaini. Siku hizi anaweza kuniuliza mara tatu kama amekunywa chai, lakini ukimpa chuma cha kuchomea, mikono yake haisahau kitu.

Ana shoto, na sijui kama ni shoto au ukaidi, swichi zake zote huwaka kwa chini. Kwa Baba, chini ni kuwaka, juu ni kuzima. Nyumba yetu nzima iko hivyo, wageni wanapapasa ukutani kama vipofu. Kwenye mitambo ya kituo ni kinyume chake, kwa hiyo nimeandika karatasi na kuigundisha kwenye kisanduku: CHINI = HEWANI. Kasuku akasema nimeandika kwa ajili ya wajinga. Nikamwambia ndiyo, soma.

Alichomea siku tatu mfululizo huku akisimulia, pua karibu iguse moshi. Alizitoa hadithi zake zote za mpira, moja kwa kila waya, na mimi nikimshikia taa. Jukwaa la mbao. Kipa na leso. Siku aliyomwona Mama dirishani pa tiketi. Nazijua zote kwa moyo, hata mahali anapokohoa. Baba hasemi "goli" kama watu wengine. Mpira ukigonga mwamba, kwake umepiga hodi. Ukiingia, umekaribishwa. Simjui mtu mwingine duniani anayesema hivyo.

Ya mwisho ilikuwa ya kiatu, ambayo ni yangu na yake. Nilikuwa na miaka sita, juu ya mabega yake, timu yetu ikawafunga wale wa ng'ambo ya reli dakika ya mwisho kabisa. Baba akaruka, mimi nikarushwa pamoja naye, na kiatu changu chekundu cha kushoto kikaruka kikaingia uwanjani. Mwamuzi alikiokota, akakiangalia, akakitia mfukoni, akapuliza kipenga. Hatukukiona tena. Nilirudi nyumbani mguu mmoja umefungwa shati la Baba, nikinuka jasho lake, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tangu siku hiyo akitaka kunichekesha huniuliza, "Kiatu kimepatikana?" Nami hujibu, "Bado kinacheza." Miaka thelathini na mitano, utani ule ule, na bado tunacheka kama mazuzu.

Jumamosi, 8 Machi

Kisanduku kinafanya kazi vizuri mno. Sauti inaingia safi kana kwamba mpigaji amekaa mapajani mwako.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Akasema ameona mengi mwaka huu, lakini lisilosahaulika ni siku ya mvua kubwa, alipokuwa jukwaa la mbao, karibu na nguzo iliyopinda, na mtu asiyemjua akampa nusu ya koti wakakaa ndani ya koti moja kama mapacha. "Mpira ukapiga hodi mara mbili," akasema, "mara ya tatu ukakaribishwa."

Nilitabasamu. Nikasema moyoni, kumbe neno la Baba limeenea mjini. Nilipokuwa nazima mitambo ndipo nikakumbuka kwamba jukwaa la mbao lilibomolewa nikiwa darasa la tano.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Baba, "Kuna mtu jana kakuibia hadithi ya jukwaa la mbao."

Akaniangalia kwa upole. "Jukwaa la mbao? Pale uwanjani hapajawahi kuwa na mbao, mama. Ni saruji tupu."

Nikamkumbusha koti, nguzo, mvua. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Nimejiambia ni uzee.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Paa la studio linavuja juu ya kiti cha Kasuku tu, na sisi wengine tunasema Mungu hamfichi mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Leo muuguzi mmoja mwanamke. Kipa alivunjika kidole, akasema, na kisanduku cha dawa hakikuwepo, hivyo yeye akarusha leso yake ya mistari ya kijani, kipa akajifunga kidole na kuokoa penalti kwa mkono ule ule. Kabla ya kusema "penalti" alikohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu.

Nakijua kikohozi hicho. Kipo pale pale, kabla ya neno lile lile, tangu nina akili.

Leso hiyo ipo nyumbani. Kipa aliirudisha baada ya mechi, na Baba huiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Jumapili, 16 Machi

Nimemkuta anafutia grisi kwa leso ya kipa. Nimemuuliza, "Baba, unajua hiyo ni leso gani?"

"Kitambaa," akasema. "Nimekiokota kwenye kopo. Kwani ulikuwa unakihitaji?"

Nimeifua mara tatu na grisi haitoki.

Jumanne, 18 Machi

Nilitoka kazini mapema nikapita dukani kwa fundi cherehani. Nikamsifu kwa hadithi ya koti. Akasimamisha mguu kwenye cherehani.

"Koti gani, dada? Mimi nilisimulia penalti ya mwezi wa tisa, ile iliyopaa ikavunja kioo cha gari la refa. Nilichekesha sana, mke wangu alisikiliza. Kwani kule kwenu mlisikia nini?"

"Mkeo alisikia penalti?"

Akafikiri. "Alisema redio ilikuwa inakwaruza."

Nimerudi studio nikasikiliza rekodi. Ni sauti yake, hakuna shaka, na anasimulia koti. Chini kabisa ya sauti yake, ukiziba sikio moja, kuna kitu kinachochemka polepole kama risasi ya kuchomea inayoyeyuka kwenye waya. Niliirudia mara nyingi kuliko ilivyofaa. Nimeondoka bila kuzima taa kwa sababu swichi iko mwisho wa ukumbi na sikutaka kuutembea wote gizani.

Ijumaa, 21 Machi

Sijamwambia mtu. Nitamwambia nani, na niseme nini.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikuwa nimeamua kukaa macho leo, kama kuna dalili yoyote nishushe sauti. Nimeshindwa. Naandika hivi kwa hasira juu yangu mwenyewe.

Alipiga dereva wa lori la taka. Sauti nzito, mtu wa mizaha, alianza kwa kumtania Kasuku kwamba takataka zote anazobeba hazinuki kama uchambuzi wake. Tukacheka. Kicheko kilinilegeza. Halafu akakohoa mara mbili, akasema: "Fainali yenyewe sikuiona. Nilifika dirishani pa tiketi, na ndani ya dirisha alikuwapo msichana mwenye kalamu sikioni."

Mkono ulikuwa kwenye swichi. Ningeweza kuinyanyua. Lakini hapo ndipo Mama alipoanza kuwa hai. Mama alifariki nina miaka kumi na tisa, na Baba huisimulia hadithi hiyo kwa ufupi kila mara kwa sababu humuumiza. Dereva hakuifupisha. Alisema jinsi msichana alivyomwambia tiketi zimekwisha, na yeye akasema basi nitakaa hapa hapa nikuangalie wewe. Alisema walivyosikia uwanja mzima ukiunguruma nyuma yao, wala yeye hakugeuza shingo. Alisema kalamu ilikuwa ya buluu na imetafunwa mwishoni. Hilo la kalamu kutafunwa sikuwahi kulisikia. Nilitaka kusikia zaidi. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, na nilikuwa nikilia, na Kasuku upande wa pili wa kioo alikuwa akilia pia, na yote yakaenda hewani.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi nilimkuta Baba amesimama mbele ya picha ya Mama sebuleni, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye ofisi ya watu.

"Huyu mama ni nani?" akaniuliza. "Ana uso wa upole."

Nilisema, "Ni mke wako, Baba."

Akacheka, si kwa kejeli, kwa aibu. "Usinitanie. Mtu kama huyu ningemkumbuka."

Baadaye aliitoa picha ukutani akaiweka mezani, uso juu, akasema labda mwenyewe atapita kuichukua. Nimeirudisha. Saa sita mchana nikaikuta mezani tena, imefungwa vizuri kwenye gazeti, na kamba.

Nimeyasoma haya niliyoandika toka mwanzo. Sasa nasema wazi, hata kama ni wazimu. Hadithi alizozisimulia wakati anachomea zimo ndani ya kisanduku. Mtu akipiga, inatoka moja kwa sauti yake. Ikishakwenda hewani, Baba hanayo tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ndoo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia bosi kisanduku ni kibovu, tukiondoe. Akasema hakijawahi kusikika kifaa kizuri kama hicho, na watu wa mji mzima wanazungumza habari za dereva wa taka. "Kuna Jumamosi mbili zimebaki," akasema. "Ukikigusa, kibarua chako kimeota nyasi. Na huyo mzee wako utamlea kwa upepo?"

Nikasema basi nichuje simu kwanza, swichi ikiwa juu, nisikilize mwenyewe kabla ya kumpa Kasuku. Hilo akakubali.

Nilimwomba Baba atengeneze kisanduku kingine, akiwa kimya safari hii. Alikishika chuma cha kuchomea, akakigeuza, akaniuliza kinatumia betri ngapi.

Jumamosi, 29 Machi

Simu kumi na moja. Zote Baba. Walimu, wapishi, mlinzi wa benki, bibi kizee wa miaka themanini, kila mmoja anakohoa mara mbili na kupiga hodi kwenye mwamba. Nilizikata zote swichi ikiwa juu. Kasuku alipiga muziki saa nzima. Bosi alisimama tu mlangoni akinitazama kama anayepima sanduku langu la kuondokea.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa na hadithi zote kumi na moja. Nilizijaribu moja moja. Zipo. Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumapili, 30 Machi

Usingizi wa mtoto umekwisha. Leo aliponiona nikitoka chumbani alishtuka.

"Wewe ni nani humu ndani?"

Akanitazama miguu, viatu vyangu vya nyumbani, na uso wake ukafunguka taratibu. "Aa, ni wewe wa kiatu. Kiatu kimepatikana?"

"Bado kinacheza, Baba."

Tukacheka. Mimi nilichekea jikoni, huku nimeshikilia sinki. Hadithi ya Mama imeondoka na mengi: jina langu hanalo tena, jina la Mama hana, mwaka niliozaliwa hana. Njia moja tu imebaki ya yeye kunifikia, nayo ni kiatu. Hiyo ikienda hewani, nitakuwa mwanamke fulani anayeishi nyumbani kwake.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hodi mlangoni, nikafungua, hakuna mtu. Ni tawi.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika jioni hii hii kabla mambo hayajachanganyika. Tayari yamechanganyika kidogo.

Siku ya mwisho. Bosi alisema nisipotoa simu hata moja hewani nisirudi Jumatatu. Kasuku akaweka wimbo. Simu ya kwanza ilikuwa ya mpaka rangi, kijana kwa sauti. Swichi juu, mimi peke yangu nasikiliza. Akakohoa mara mbili, akaanza habari ya mtoto aliyebebwa mabegani, na kiatu.

Nakumbuka mwili wote ulikufa ganzi. Kwa nini ulikufa ganzi kiasi kile, sasa hivi sioni vizuri sababu yake. Nakumbuka nilitaka kumziba mdomo, na nikaipiga swichi chini kwa kiganja, kama ninavyozima swichi za mitambo ya kituo miaka kumi na minne. Chini ni kuzima. Karatasi yangu mwenyewe ilikuwa mbele yangu, kwa herufi kubwa. Nikakipa kioo mgongo na kumwambia yule kijana anyamaze, hiyo si yake, mtoto huyo ni mimi. Halafu nikamwambia yote.

Nilisema dakika nne, kwa hesabu ya Kasuku. Wimbo uliisha nikiwa katikati, na mji mzima ukabaki na sauti yangu peke yake. Niligeuka nikamwona Kasuku anapunga mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na taa nyekundu inawaka.

Yule mpaka rangi bado alikuwa kwenye laini. Akasema polepole, "Dada, samahani. Mimi nilikuwa nasimulia kwamba niliinama kufunga kamba za viatu, goli likaingia, sikuliona. Nilipoinuka mtu akanikumbatia. Basi. Ni hilo tu."

Lilikuwa tukio zuri kuliko yote niliyoyasikia msimu huu, na lilikuwa la kwake.

Wasikilizaji wamenichagua mimi. Bosi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Muuguzi yule wa leso alipiga kusema hajawahi kusikia kitu kizuri kama kiatu kile. Nilimshukuru. Kasuku alinirudishia sentensi moja ya kuchekesha, kitu cha mwamuzi na mfuko, akasubiri nicheke. Nilicheka. Sijui alikuwa anasema nini. Nimejaribu njia nzima ya kurudi nyumbani. Nakumbuka dakika nne za kusema, lakini ndani ya maneno hamna kitu, kama bakuli lililooshwa.

Ni uchovu. Nitalala.

Jumapili, 6 Aprili

Si uchovu.

Asubuhi Baba alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati safi, redio magotini. Alikuwa amenisubiri. Uso wake ulikuwa mchangamfu kuliko siku zote za mwezi huu, nikashukuru Mungu, nikajua hajapoteza kitu.

"Kiatu kimepatikana?" akaniuliza.

Nikasimama pale na birika mkononi. Niliona kwamba anasubiri jibu, na kwamba jibu lipo, na kwamba ni fupi. "Kiatu gani, Baba?"

Uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo. Akanitazama miguu, akanitazama kichwa. "Samahani, mama," akasema kwa heshima ile anayowapa wateja. "Nilidhani ni binti yangu."

Nikaenda chumbani nikafunga mlango. Nilijua niliandika mahali. Nikafunua hadi Alhamisi ya tarehe sita Machi, na ni mwandiko wangu, hata ile *k* yangu inayoanguka, na nikasoma habari ya mtoto wa miaka sita na mwamuzi na shati lililofungwa mguuni kama barua iliyoletwa nyumba siyo. Nilijaribu kunusa jasho analolisema mwandishi. Niliyasoma mara nyingi, kama mtu anayejifunza sala, mpaka nikayashika yale maneno mawili ya jibu.

Kisanduku nilikuwa nimeshakitoa kituoni alfajiri kabla mtu hajafika, kiko chini ya kitanda, nyaya zimekatwa. Kazi itakavyokuwa na iwe.

Nikarudi sebuleni. Mlango ulikuwa wazi, lakini nilibisha.

"Hodi."

"Karibu," akasema bila kugeuka.

"Bado kinacheza, Baba."

Mabega yake yakaanza kutikisika, akapiga mkono wa kiti, akacheka mpaka akakohoa mara mbili. "Ulikuwa wapi wewe," akasema. "Kaa. Kuna mtu alikuwa hapa sasa hivi, mwanamke wa watu, nimemchanganya na wewe. Nimeona aibu."

Nikakaa. Nikacheka alipocheka. Nje mvua ilikuwa imeacha, na redio magotini mwake ilikuwa imezimwa, swichi iko juu. Nilihakikisha.

"Nisimulie tena," nikamwambia, "ile siku ya kiatu."

Akaweka redio chini na kuvuta kiti karibu, maana hakuna kitu anachokipenda zaidi. Sikumwambia kwamba kwangu ni mara ya kwanza.